Shingo Iliyovimba na Amri ya Ubongo: Mwongozo kwa Mfugaji wa Isiolo

Katika nchi kavu ya Isiolo, tangu kingo za Ewaso Nyiro mpaka Merti, Kinna na Garba Tulla, mali ya mtu ni mifugo yake, na maarifa ya mfugaji juu ya mbuzi, kondoo, ng'ombe na ngamia ni maarifa ya kale, yaliyorithiwa kwa wazee na kutiwa mizanini na kiangazi kimoja baada ya kingine. Mfugaji wa namna hii hana haja ya kufundishwa jinsi ya kumtambua mnyama mgonjwa kwa kumtazama. Walakini ziko hali ambazo chanzo chake hakipo mahali penye dalili, na miongoni mwake ni habari ya tezi ya shingoni iitwayo thairoidi, ambayo huvimba au hunywea, huzidisha kazi au huipunguza, kwa kufuata amri inayoshuka kutoka ubongoni. Mwongozo huu umekusudiwa mfugaji, na kijana anayesomea utabibu wa mifugo, na mama anayefuga mbuzi wachache nyuma ya nyumba yake Bula Pesa au Wabera, ili wapate kujua amri hiyo huendeshwaje, husomwaje katika mwili wa mnyama, na lipi la kutenda katika kila hali. Neno lake kuu ni hili: kabla ya kuitibu tezi, uliza kwanza ubongo umeiamuru nini, na kwa sababu gani.

Tezi yenyewe na mahali pake

Ukitaka kuijua tezi hii kwa macho, nenda machinjioni asubuhi, ukamwombe mchinjaji akuonyeshe koo la mbuzi kabla halijatupwa. Chini kidogo ya kikoromeo, juu ya pete za kwanza za bomba la pumzi, utaona vipande viwili vya nyama nyekundu iliyokoza, kimoja kuume na kimoja kushoto, kila kimoja chapata urefu wa sentimita 3 hivi, vimelikumbatia bomba hilo na kuunganishwa na ukanda mwembamba ambao mara nyingine ni taabu kuuona. Ukikata kipande kimoja kwa kisu kikali hutaona mfereji wowote utokao ndani yake, maana tezi hii haina mlango isipokuwa damu. Kila inachokitengeneza hukimimina moja kwa moja katika mishipa, na damu hukieneza katika viungo vyote.

Inachokitengeneza ni homoni mbili. Ya kwanza ni thairoksini, ambayo wataalamu huiandika T4 kwa kuwa imebeba atomu 4 za iodini. Ya pili ni T3, yenye atomu 3, ambayo ni chache katika damu lakini ndiyo yenye nguvu zaidi. Sehemu kubwa ya T3 hupatikana nje ya tezi, katika ini, figo na viungo vingine, kwa kung'olewa atomu moja ya iodini kutoka katika T4, na kazi hiyo ya kung'oa haitimii pasipo madini ya seleniamu. Homoni hizi ni zile zile kwa mbuzi, kwa ngamia, kwa kuku na kwa binadamu, na kila mahali kazi yake ni kuongoza kasi ya mwili: joto linalotokana na chakula kilicholiwa, mapigo ya moyo, kukua kwa mifupa na kwa ubongo wa kijusi kilicho tumboni, kuota kwa manyoya, na kujaa kwa maziwa kiweleni.

Wakuu wawili walio kichwani

Thairoidi haijiamulii kasi hiyo. Chini kabisa ya ubongo ipo sehemu ndogo iitwayo haipothalamasi, ambayo hupokea habari za mwili mzima: baridi au joto la ngozi na damu, shibe au njaa, mafuta yaliyowekwa akiba, hofu na uchovu. Ikiona haja, haipothalamasi hutoa homoni iitwayo TRH, ambayo hushuka kwa mishipa myembamba sana ya damu mpaka kwenye tezi ya pituitari, iliyoning'inia chini ya ubongo ndani ya kishimo cha mfupa. Pituitari nayo huachilia katika damu homoni ya pili, TSH, ambayo husafiri mpaka shingoni na kuiamuru thairoidi mambo matatu: ivute iodini kutoka katika damu, itengeneze homoni zake, na iziachilie. Homoni hizo zikiwa zimetosha katika damu, ubongo na pituitari huzihisi, nao hupunguza amri. Zikipungua, amri huongezwa.

Watu wa Isiolo hawana shida ya kuuelewa mpango huu, kwa kuwa unafanana na kazi ya kisima kirefu cha Waborana, ambamo vijana husimama ngazi kwa ngazi wakipokezana ndoo. Juu yupo msimamizi anayelitazama birika la kunyweshea. Akiona maji yamepungua huita, na mwito wake hupokewa na walio katikati, nao huwahimiza walio chini wachote kwa haraka. Birika likijaa hunyamaza, na mikono iliyo chini hupunguza mwendo. Haipothalamasi ndiye msimamizi, pituitari ndiye mpokea mwito, thairoidi ndiyo mikono inayochota, na birika ni damu. Sasa fikiri kwamba chini hamna maji: birika halijai, msimamizi azidi kuita, na watu waongezwa kisimani mpaka pamesongamana, ilhali ndoo zapanda tupu. Msongamano huo ndio uvimbe wa shingo, ambao kwa Kiswahili huitwa rovu.

Ujuzi huu ulipatikana kwa jasho, na kondoo wana sehemu yao katika historia yake. Katika miaka ya 1940 Mwingereza Geoffrey Harris alionyesha ya kwamba ubongo huitawala pituitari kwa vitu vinavyosafiri katika mishipa midogo iliyo baina yao, lakini vitu hivyo ni haba mno hata ikawa kazi kubwa kuvikamata. Huko Marekani Roger Guillemin, mzaliwa wa Ufaransa, alikusanya bongo za kondoo kutoka machinjioni kwa wingi usio na kifani, na Andrew Schally, mzaliwa wa Polandi, akakusanya za nguruwe, kila mmoja na kundi lake wakishindana kwa miaka mingi. Hata mwaka 1969 ikabainika kwa wote wawili kwamba TRH ni kitu kidogo kilichoungwa kwa asidi amino 3 tu, na kwamba ile ya kondoo na ile ya nguruwe ni moja. Mwaka 1977 walipewa Tuzo ya Nobel, wakishirikiana na Rosalyn Yalow, ambaye alikuwa amevumbua njia ya kupima homoni zilizo chache mno katika damu. Tangu hapo tabibu wa mifugo anaweza kulitazama rovu la mwana-mbuzi na kujua kwa yakini kwamba anaona matokeo ya ubongo unaolalamika.

Amri inapozidi: baridi na kuzaliwa

Hali ya kwanza ya kuijua ni ile ambayo ubongo huzidisha amri kwa haki. Mnyama akipigwa na baridi, haipothalamasi huzidisha TRH, TSH hupanda, na thairoidi humimina homoni za kuuwasha mwili upate joto. Hakuna wakati amri hii inapokuwa na nguvu kama saa za kwanza baada ya kuzaliwa, ambapo kitoto kilichokuwa katika joto la tumbo hutoka kikiwa kimelowa katika upepo wa nje. Homoni za thairoidi hupanda ghafula katika damu yake, nazo huyasaidia mafuta ya namna ya pekee aliyozaliwa nayo, ya rangi ya kahawia, kuungua na kutoa joto bila ya kutetemeka. Mafuta hayo ni akiba ndogo, nayo huisha upesi.

Kwa hiyo, mbuzi na kondoo wako wakizaa wakati wa mvua za Machi hadi Mei, au zile za Oktoba hadi Desemba, mkaushe mtoto kwa kitambaa au nyasi kavu mara tu anapotua, mweke mahali palipokingwa upepo na matone, na uhakikishe amenyonya dang'a katika saa ya kwanza au ya pili ya uhai wake, kwa maana dang'a ndiyo kuni mpya ya moto huo. Mtoto mnene asiyesimama, mwenye mdomo wa baridi na asiyetaka kunyonya, aliyezaliwa na mama mwenye afya, ni mtoto ambaye tezi yake yafaa kuchunguzwa, kwa sababu yawezekana ubongo wake umeamuru joto na shingo haikuwa na la kujibu.

Hapa inafaa kukumbuka ya kwamba Isiolo iko karibu kabisa na mstari wa ikweta, ambapo mchana na usiku hulingana takriban mwaka mzima. Katika nchi za Ulaya urefu wa mchana huuarifu ubongo wa kondoo majira ya kupandana na majira ya kuacha, na imethibitishwa kwamba kondoo jike aliyeondolewa thairoidi hushindwa kuufunga msimu wake wa kupandana kwa wakati. Kwetu mwanga hautoi habari hiyo; nyasi, mvua na mkono wa mfugaji ndivyo vinavyoamua majira. Wamasai, Wasamburu na Warendile tangu zamani huwafunga mabeberu na kondoo dume kinga ya ngozi tumboni ili wasipande wakati usiofaa, na anayeifuata hekima hiyo anaweza kuhesabu miezi 5 ya mimba ya mbuzi na kuchagua watoto wazaliwe malisho yakiwa tayari.

Amri inapopungua: joto, njaa na kiu

Hali ya pili huwadanganya wengi. Kiangazi kinapokaza, mnyama hupunguza mwendo, manyoya yake hukosa mng'aro, maziwa hupungua, na mwenye mali hudhani kwamba kaingiwa na ugonjwa. Mara nyingi huo ni utii wa mwili kwa amri iliyopunguzwa kwa makusudi. Mafuta ya mwilini yakipungua, homoni inayotoka katika mafuta hayo, ambayo ndiyo huuarifu ubongo hali ya akiba, hupungua nayo. Haipothalamasi hupunguza TRH, na T3 hushuka, ili chakula kichache kilichopo kidumu siku nyingi zaidi. Joto kali hufanya kadhalika, kwa kuwa mwili wenye joto tele hauhitaji tanuri la ziada.

Mwalimu mkubwa wa somo hili ni ngamia. Mwaka 1978 mtaalamu Reuven Yagil na wenzake, waliofanya kazi katika jangwa la Negev, walichapisha uchunguzi ulioonyesha kwamba ngamia anayenyimwa maji hupunguza kazi ya thairoidi yake. Faida yake ni dhahiri: mwili unaokwenda polepole hutoa joto kidogo, huvuta pumzi chache, na kila pumzi inayopungua ni unyevu uliobaki ndani. Ngamia anayetoka malishoni kiangazi akiwa mtulivu na mzito wa mwendo, lakini macho yake ni maangavu na mavi yake ni makavu ya kawaida, anafanya kazi aliyoumbiwa.

Jambo la kutenda katika hali hii ni kumpa mnyama kile ambacho ubongo wake umekikosa, yaani maji, malisho na kivuli, na kumwachia muda. Usimpe iodini, wala sindano ya kuchochea nguvu, wala dawa yoyote iliyosifiwa sokoni kwamba huamsha maziwa. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia na baada yake, huko Uingereza na Marekani, ng'ombe wa maziwa walijaribiwa kwa kulishwa protini ya maziwa iliyotiwa iodini, ambayo mwilini hufanya kazi kama thairoksini. Maziwa yaliongezeka kwa muda, lakini ng'ombe walikonda, wakataka chakula zaidi, na dawa ilipokatwa maziwa yakaporomoka. Kina mama wa Isiolo wanaokusanya maziwa ya ngamia na kuyapeleka Eastleigh, Nairobi, kama wale wa ushirika wa Anolei, wanajua kwamba riziki yao inategemea mnyama atakayekuwepo msimu ujao. Kumlazimisha ngamia kinyume cha amri ya ubongo wake wakati wa njaa ni kukopa kwa riba ambayo mwili wake hauwezi kuilipa.

Amri isiyojibiwa: rovu

Hali ya tatu ndiyo ugonjwa wenyewe. Ubongo umeamuru, pituitari imepokea na kupeleka TSH, lakini thairoidi haina iodini ya kutengenezea, au imezuiwa kuitumia. T4 haipandi, ubongo hauridhiki, TSH huzidi siku kwa siku, na chembe za tezi, kwa kuhimizwa bila kikomo, huongezeka na kukua hata shingo ikavimba. Mbuzi huathirika upesi kuliko ng'ombe. Kijusi kinatengeneza homoni zake chenyewe kwa amri ya ubongo wake chenyewe, kwa iodini inayopita kutoka kwa mama, na hivyo mama huweza kuonekana mzima kabisa ilhali mtoto wake azaliwa na rovu, dhaifu, bila manyoya au na manyoya machache, au azaliwa maiti.

Sababu ni za namna tatu. Ya kwanza ni uhaba wa iodini katika udongo na malisho, ambao hutokea zaidi katika nyanda za juu zilizooshwa na mvua kwa karne nyingi. Ndiyo maana rovu la binadamu lilikuwa la kawaida zamani katika sehemu za milimani za Kenya kabla ya chumvi ya jikoni kutiwa iodini kwa sheria. Mfugaji wa Isiolo anayenunua nyasi kavu kutoka Meru, Timau au Laikipia wakati wa ukame na ajue kwamba analeta nyumbani pia upungufu au utoshelevu wa udongo wa huko. Sababu ya pili ni vyakula vinavyoizuia tezi. Kabichi, sukuma wiki na mabaki yao yanayotupwa sokoni yana vitu ambavyo baadhi hushindana na iodini isiingie katika tezi, na vingine huzuia isitumike ikiisha kuingia. Lusina, mti ambao umehimizwa sana kwa malisho, una sumu iitwayo mimosini, ambayo tumboni mwa mnyama hugeuka kuwa kitu kinachoizuia thairoidi. Mnyama hunyonyoka manyoya, hudondokwa mate na kuvimba shingo. Huko Australia Raymond Jones aligundua kwamba mbuzi wa Hawaii hawakudhurika kwa kuwa matumboni mwao mlikuwa na bakteria wanaoivunja sumu hiyo, na bakteria hao, waliohamishiwa katika ng'ombe wa Australia, mwaka 1992 walipewa jina la Synergistes jonesii kwa heshima yake. Mfugaji asiye na hakika ya bakteria hao asiizidishe lusina kupita sehemu 3 katika 10 za chakula cha siku.

Sababu ya tatu ni urithi. Wako mbuzi wa Uholanzi na ng'ombe wa Afrikander wa Afrika Kusini waliochunguzwa na kuonekana kwamba huzaliwa na kasoro katika ile protini ambayo ndani yake homoni za thairoidi hutengenezwa. Ukiona kwamba rovu limewapata watoto wa beberu mmoja tu, na watoto wa mabeberu wengine walio katika zizi hilo hilo na chakula hicho hicho wamesalimika, mwondoe beberu huyo katika uzazi.

Si kila uvimbe wa shingo ni rovu

Hapa ndipo mkono unapohitaji kusaidiwa na fikira, kwa maana uvimbe wa shingo una namna nyingi, na dawa ya mmoja ni hasara kwa mwingine. Mshike mnyama akiwa amesimama, inua kidevu chake kidogo, na upitishe kidole gumba na kidole cha shahada pande mbili za bomba la pumzi kuanzia kikoromeo kwenda chini.

1. Rovu huhisika pande zote mbili, chini tu ya kikoromeo, ni gumu kiasi, halina joto, halimwumi mnyama, na husogea pamoja na bomba la pumzi anapomeza.

2. Uvimbe wa maji chini ya taya, ulio laini, ambao ukiubonyeza kidole huacha shimo, na ambao huzidi jioni baada ya mnyama kuinamisha kichwa malishoni, ni ishara ya upungufu wa damu kwa sababu ya minyoo au mnyoo wa ini. Tazama ndani ya kope la chini: likiwa jeupe, tibu minyoo.

3. Jipu huwa upande mmoja, aghalabu nyuma ya taya au mbele ya bega, nalo huiva, hulainika na kutoa usaha mzito. Ugonjwa huu huambukiza mbuzi, kondoo na ngamia, kwa hiyo usilipasue jipu ndani ya zizi.

4. Katika vitoto vya mbuzi vinavyonyonya vizuri na kunenepa, uvimbe laini kooni huwa ni tezi nyingine, thaimasi, ambayo hukua wakati wa kunyonya na kunywea yenyewe mtoto akikua. Mtoto mwenye uvimbe huu ni mchangamfu na manyoya yake yamejaa, huyo mwache.

Ikiwa watoto kadhaa wamezaliwa maiti au dhaifu, thibitisho bora ni mizani. Daktari wa mifugo huipima thairoidi ya mwana-kondoo na kuilinganisha na uzito wa mwili wake: tezi ikizidi gramu 0.4 kwa kila kilo ya mwili, upungufu wa iodini hushukiwa, na ikizidi gramu 0.8 shaka hubaki kidogo. Mwana-kondoo wa kilo 3, kwa mfano, tezi yake ikivuka gramu 1.2, kundi zima lastahili kuchunguzwa. Kazi hii usiifanye kwa mikono mitupu, wala usimwachie mtoto aifanye, kwa kuwa mimba zilizotupwa huweza kubeba brusela au homa ya Bonde la Ufa, maradhi ambayo humpata binadamu na ambayo kaskazini mwa Kenya si mageni. Damu pia huweza kupimwa T4. Mwulize daktari wako kwanza kama maabara ina kipimo cha mnyama uliye naye, kwa sababu T4 ni moja kwa viumbe vyote, lakini TSH hutofautiana kwa kila aina, na kipimo cha TSH cha hospitali za binadamu hakitegemewi kwa mbuzi wala ngamia.

Chumvi: kiasi chake na utunzaji wake

Rovu la upungufu hutibiwa, na afadhali zaidi huzuiwa, kwa chumvi ya mifugo iliyotiwa iodini na seleniamu. Chumvi ya ardhini, kama ile ya Chalbi huko Marsabit, ina manufaa yake makubwa kwa ngamia, lakini isihesabiwe kuwa chanzo cha iodini mpaka ipimwe. Hata chumvi ya bahari inayovunwa Gongoni na Marereni haipati iodini ya kutosha kwa kutoka baharini tu; huongezewa kiwandani.

Hesabu yake si ngumu. Mbuzi au kondoo mzima huhitaji takriban miligramu 0.5 za iodini katika kila kilo ya chakula kikavu, na anayenyonyesha miligramu 0.8. Mbuzi anayekula kilo 1.2 kwa siku atahitaji basi miligramu 0.6. Ikiwa mfuko wa chumvi umeandikwa miligramu 50 za iodeti ya potasiamu kwa kilo, jua kwamba iodini yenyewe ni kama miligramu 30, na kwamba gramu 10 za chumvi hiyo zitampa miligramu 0.3, yaani nusu ya haja yake, nusu ya pili ikitoka katika malisho na maji. Akila kabichi au sukuma wiki kwa wingi, haja hupanda hata miligramu 2 kwa kilo; walakini kwa lusina kuongeza iodini hakutoshi, na dawa ni kuipunguza lusina yenyewe.

Wakati wenye faida kubwa kuliko wote ni miezi miwili ya mwisho ya mimba, kwa kuwa ndipo kijusi kinapoihitaji iodini kwa ukuaji wake. Weka chumvi katika chombo cha mbao au plastiki chenye kifuniko, chini ya paa, mbali na jua na unyevu, maana chumvi iliyoachwa wazi hupoteza iodini yake hata ikabaki chumvi tupu. Maji yawe karibu, mnyama aliyelamba apate kunywa. Wala usizidishe kwa kudhani kwamba wingi ni uzima: iodini iliyopita kiasi nayo huizuia tezi, na dalili zake ni machozi na makamasi yasiyokoma, kikohozi na ngozi yenye magamba. Farasi hudhurika kwa kiasi kidogo kuliko ng'ombe, na imeonekana majike waliolishwa mwani wa baharini wakizaa watoto wenye rovu. Kwa hiyo mwenye punda na achukue tahadhari iyo hiyo.

Mambo ya kujiepusha nayo

Desturi ya kuuchoma uvimbe kwa chuma cha moto ni ya kale, na waliotuachia walikuwa wakitafuta dawa kwa kadiri ya walichokuwa nacho. Kwa rovu haifai hata kidogo. Moto haupeleki iodini ndani ya tezi, wala haunyamazishi ubongo. Huacha kidonda kinachokaribisha nzi na kuishusha thamani ya ngozi. Kulipasua kwa wembe ni hatari zaidi, kwa sababu thairoidi ni miongoni mwa viungo vyenye damu nyingi kuliko vyote kwa kadiri ya uzito wake, na mnyama huweza kufa mbele yako katika muda mfupi. Kumpaka tincha ya iodini kwa kukadiria, au kumnywesha, ni kumtia katika ule upande wa pili wa madhara.

Unapomwita daktari au msaidizi wake aliyesajiliwa na Bodi ya Veterinari ya Kenya, uwe tayari na majibu ya maswali haya: ni wanyama wangapi walioathirika, na wa umri gani, walizaliwa na baba yupi, walikula nini miezi mitatu iliyopita, na nyasi zilitoka wapi, wanalamba chumvi gani, na inawekwaje, na je, uvimbe uko pande zote mbili au upande mmoja. Majibu haya matano humwonyesha tabibu mahali ambapo mlolongo umekatika, naye huweza kuanza kazi kabla hata matokeo ya maabara hayajarudi.

Basi, ndugu mfugaji, jioni hii mifugo irudipo zizini, mshike mbuzi mwenye mimba kubwa kuliko wote, pitisha vidole chini ya kikoromeo chake kama ulivyoelekezwa, kisha ukatazame chombo chako cha chumvi kama kina kifuniko na kama mfuko umeandikwa kiasi cha iodini. Ukikuta la, tengeneza kabla ya mvua zijazo, kwa kuwa mtoto aliye tumboni hana mwingine wa kumtegemea.